Uso Juu ya Sauti ya Mama

Jina lake nalijua, na la baba yake nalijua, na sitaandika hata moja. Watu wa Bariadi watakaosoma watamtambua kabla hawajafika katikati, na hilo silizuii. Hapa atakuwa Mpiga Picha tu. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, lakini mimi nina sababu yangu.

Ukurasa huu wa kwanza nimeufuta mpaka karatasi imetoboka. Ndivyo nilivyo. Nikichora herufi ikaegemea kidogo, silali. Narudi kuigusa kama mtu anayegusa jino linalouma. Sikufundishwa kuchora na mtu. Baada ya darasa la saba nilinakili herufi kwenye magunia ya pamba, kwenye milango ya malori ya wanunuzi, kwenye makopo ya mafuta ya kula, mpaka nikaweza kuandika jina la duka likakaa sawa ukutani. Kama hapa kuna sentensi iliyokaa upande, nimeiona kabla yako na imenitesa. Kitu kimoja nimekiacha kilivyo, hasira. Nilijaribu kuipunguza nikaona naanza kusema uongo.

Studio yake ilikuwa Somanda, njia ya kwenda hospitali, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ukutani kulikuwa na pazia kubwa alilochorewa na fundi wa Mwanza: ngazi yenye zulia jekundu inayopanda isifike popote, friji iliyo wazi imejaa chupa za soda, na juu kabisa ndege. Kwenye msumari lilining'inia koti la kijivu. Juu ya kistuli kulikuwa na simu nyeusi ya mezani ambayo waya wake uliishia chini ya kistuli hichohicho. Miaka ile sikumwona mwimbaji wa upande wetu aliyetoa kanda bila kuvaa koti lile au kushika simu ile. Koti lilikuwa na alama ya pasi kwenye mkono wa kushoto, kwa hiyo ukiangalia kava za wakati huo utaona waimbaji wote wamekunja mkono wa kushoto nyuma kama askari aliyeamriwa kupumzika. Watoto waliocheza kuimba mnadani walikunja mkono nyuma vilevile. Walidhani ndivyo manju anavyosimama.

Manju, kwa asiye wa kwetu, ni mtunzi anayeongoza ngoma. Anashindana na manju mwenzake kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila mtu na upande wake, na mwamuzi hakuna. Watazamaji wanaamua kwa miguu. Wakihama kutoka kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na hakuna haja ya mtu kutangaza. Hapo ndipo mama yangu alipoumizwa.

Zamani manju hakuhitaji uso nje ya uwanja. Redio ilikuwa moja, ya serikali, na kwenye redio mtu ni sauti. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, maduka yakajaa, vijana wakawa wanatoka kuuza pamba na redio kaseti begani kabla hata hawajanunua shuka. Kanda tupu zilikuja kwa katoni. Mnadani kanda za waimbaji zikawa zinatundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, safu na safu, na mtu anayepita na ng'ombe wake ana muda wa kutupa jicho tu. Mpiga Picha alilielewa hilo kabla ya mtu yeyote Bariadi. Hilo nampa, kwa shingo upande.

"Mteja wangu hajui kusoma, na betri zake zinaisha," alikuwa akisema. "Mwonyeshe mtu anayetaka kwenda naye nyumbani."

Niliingia kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, kazi yangu kuandika majina na vichwa vya nyimbo kwenye kava kabla hazijapelekwa Mwanza kuchapwa. Hakunifundisha chochote. Akifanya kazi alinigeuzia mgongo ili nisione. Nilimwangalia kupitia kioo cha wateja cha kuchania nywele, nikajifunza hivyohivyo, kushoto kukiwa kulia. Nilijifunza kwamba manju hacheki kwenye kava. Kwamba kwaya inapigwa kutoka chini, macho yakitazama juu, hata kama juu kuna bati na buibui. Kwamba kijana wa muziki wa kisasa anavaa miwani myeusi ndani ya chumba chenye giza, na anakanyaga spika kwa mguu mmoja kama mwindaji na nyati wake.

Siku moja alikuwa na manju mmoja, mtu mzima mwenye wake wawili, ametulia mbele ya ngazi ya pazia.

"Funga meno, manju. Unacheka kama mtu aliyeuza pamba jana."

"Si nimeuza jana!"

"Basi ficha. Shika simu."

"Naongea na nani?"

"Ongea na mpinzani wako. Mwambie unakuja."

Yule bwana akasogeza mdomo kwenye simu isiyokwenda popote, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwa chuki ya kweli, kwamba anakuja. Mpiga Picha akabonyeza. Kava ile iliuza kanda mpaka Meatu na Magu, na nilipoiona nilijua nimekaa na fundi. Sentensi hiyo imenichukua muda kuiandika.

Alikuwa na kitana chake cha mfupa. Aliwachana wateja mwenyewe, hata wazee, akiwashika kidevu kwa vidole viwili kama mtoto wa shule. Hakuvumilia ukosi uliopinda. Hakuvumilia mtu kumwita "fundi". Fundi, alisema, ni wa baiskeli. Msibani alikwenda bila kuitwa, akapiga picha moja tu ya wafiwa wamekaa, na baada ya siku chache akaipeleka nyumbani kwao imefungwa kwenye karatasi ya kaki, asidai kitu, asikae hata kunywa uji. Nimefika nyumba nyingi Somanda ambazo picha ile ya msiba ndiyo picha pekee ukutani. Nilitaka kuliacha hili. Nimeliweka ili mtu asije akasema nimechagua mabaya tu, na kwa sababu linanikasirisha zaidi. Mtu aliyejua hivyo uso ni nini kwa wenye nao.

Mama yangu ni mkulima wa Nkoma. Aliimba shambani, wanawake wakilima kwa zamu shamba la huyu na la yule, yeye mbele na jembe lake, wenzake wakiitikia nyuma. Ana sauti nzito yenye mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayeburuta kiti. Siku moja alikuja mjini kuniletea michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akanisubiri uani kwa Mpiga Picha akiimba kwa chini. Mpiga Picha alitoka na kitana mkononi, akasimama mlangoni, akamwita mayu, kama tunavyomwita kwetu mama au binti yeyote.

"Mayu, nani alikupa sauti hiyo, na wewe unaificha Nkoma?"

"Ipo tu, baba. Sijaificha. Hamji kulima."

Alicheka mpaka akashika mlango. Juma lililofuata alimwita na wanawake wake. Tuliziba dirisha kwa mablanketi, kuku wakafukuzwa, mama akaimba mbele ya redio yenye sehemu mbili za kanda. Wimbo wa tatu ulikuwa wa mdogo wake aliyefariki. Nilimwona Mpiga Picha akifuta macho kwa pindo la pazia, pale kwenye zulia jekundu. Aliipenda sauti ile kuliko mtu yeyote niliyemjua, na kwa miezi baadaye nikipita kwake jioni nilimkuta anaisikiliza peke yake, amefumba macho.

Alimpiga mama picha pia. Mama akashika simu, akacheka, na pengo lake la mbele likaonekana lote, na Mpiga Picha hakumwambia afunge meno. Nilidhani ni heshima. Nikaenda nyumbani kuandika jina lake: Kabula Ng'wana Luhende. Kila herufi niliipima kwa rula. Nilichana karatasi nyingi. Ile ya mwisho ilitoka bila kosa, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo; sijawahi kusema tena.

Kava zilirudi kutoka Mwanza ndani ya boksi la sabuni. Nikafungua. Juu kulikuwa na msichana mwenye nywele za kusuka na hereni za duara, ameinamisha shingo kidogo. Nilimfahamu. Alikuwa msafiri wa kwenda Musoma, alipiga picha kwetu akisubiri basi, na hakurudi kuichukua. Chini yake yalikuwepo maandishi ambayo si yangu: Binti wa Simiyu. Hakuna kingine.

"Mzee, huyu nani?"

"Kava."

"Mama yuko wapi?"

"Yumo ndani ya kanda. Hajaondoka."

"Na jina lake?"

"Nafasi haikutosha. Jina refu kama gari moshi la Mwanza." Alikuwa anasafisha lenzi, hata hakunitazama. "Mayu, usininunie. Nani atanunua pengo?"

Hela yake mama alipewa, sina ugomvi wa hela. Mama mwenyewe alipoiona kava alimtazama yule msichana kwa muda, akasema hereni zake nzuri. Kanda ilienea kama moto wa nyika. Ilipigwa kwenye mabasi, kwenye vilabu vya pombe, kwenye mashine za kusaga. Nilipita barabarani nikisikia mama yangu kila mlango, na kila mlango ulikuwa na msichana wa Musoma amebandikwa kwa gundi ya unga.

Msimu ule pamba ilipokwisha kuuzwa, ngoma zikaanza, na watu wa Nkoma wakaandaa mashindano. Wakamwalika Binti wa Simiyu ashindane na manju kutoka ng'ambo ya mto. Watu walitoka mbali kwa baiskeli, vijana wamevaa mashati mapya. Mama akaingia uwanjani na wanawake wake, kitenge kipya kiunoni, jembe begani kama alivyozoea.

"Huyu nani?" kijana mmoja karibu yangu akauliza.

"Mama yake, labda. Anatangulia kusafisha njia."

"Binti yuko wapi? Mleteni binti!"

"Tumepiga baiskeli kutoka kule kuja kuangalia bibi?"

Mama akaanza kuimba. Ilikuwa sauti ileile. Kijana yule alikuwa na redio kaseti begani, na ndani yake, nilimwona akiitoa kwa hasira, ilikuwemo kanda ileile. Akaitikisa hewani akipiga kelele kwamba wametapeliwa. Mtu mwenye wimbo mkononi na mwimbaji mbele yake, akawatenganisha kwa sababu ya hereni. Watu wakaanza kuhama. Ukiona vumbi linanyanyuka kutoka kwako kwenda upande wa pili, huhitaji kuambiwa. Mama aliimba ubeti ule mpaka mwisho mbele ya uwanja mtupu, akainama kwa wenzake, akanyamaza.

Mpiga Picha alikuwa amefunga kamba yake ya kanda pembeni ya uwanja. Akaja na taulo shingoni, akamwekea mama mkono begani, kwa upole kabisa.

"Usijali, mayu. Kanda zinauzika."

Mama hajaimba hadharani tena. Hata shambani alihamia mstari wa nyuma, anaitikia.

Niliacha kazi kwake kesho yake. Nikafungua kibanda changu karibu na stendi: mabango, mihuri ya kuchonga, kava. Wateja wake wengi walinifuata kwa sababu ya herufi. Lakini usidhani nilitulia. Nilikaa miaka nikimpangia. Nilipanga kubandika picha yake mlangoni kwa polisi na neno moja chini yake. Nilipanga kuchana pazia lake, kuanzia kwenye ndege. Nilipanga maneno ya kumwambia mbele ya watu, nikayasahihisha, nikayapanga upya, nikabadilisha neno moja na kulirudisha. Nikikutana naye barabarani nilitoa shikamoo na kupita, maneno yote kinywani kama kokoto.

Halafu akaja mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, mchana. Alikuwa amekonda, na alikuwa amevaa lile koti la kijivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Unatoa shikamoo kama mtu anayeng'olewa jino."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akafungua leso. Ndani mlikuwa na kanda na picha. Kabla ya kamera, alisema, alikuwa mwitikiaji kwenye ngoma, na alitaka kuwa manju, na maisha yakaenda kwingine. Sasa ameimba. Peke yake, chumbani, na mablanketi yaleyale dirishani. Anataka kava.

Nikatazama picha. Kijana mwenye nywele nyingi na ukosi mpana, shingo ndefu, mzuri.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Usianze, mayu."

"Mbona hujitengenezei mwenyewe?"

"Nimejaribu. Na herufi je? Bariadi nzima hakuna anayeandika kama wewe."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu nina miaka kumi na tisa. Nachukia kwamba ilinifikia, lakini ilinifikia. Nikamwambia nitafanya, kwa sharti moja: aniletee kanda ya kwanza ya mama, ile iliyorekodiwa siku ile, ambayo nakala zote zilitolewa kwayo. Aliileta kesho yake bila ubishi, imefutwa vumbi.

"Ichukue. Kwangu haininyamazii."

Usiku huo nilisikiliza kanda yake. Nilitamani iwe mbaya. Ilikuwa sauti nzuri, kavu, ya mtu aliyejizuia muda mrefu.

Ya kwake niliiweka pembeni, nikaanza na ya mama. Nilimchora anacheka, pengo wazi, na jina lake lote juu, Kabula Ng'wana Luhende, herufi kubwa. Nikatoa nakala, nikazitundika mnadani mwenyewe, na redio yangu chini ikipiga wimbo wa tatu. Mwanamke mmoja mwenye kuku mkononi akasimama. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, jambo ambalo mnadani halitokei.

"Huyu mama anamwiga yule binti," akasema. "Lakini anamwiga vizuri, jamani."

"Ndiye mwenyewe, shangazi. Hakuna binti."

"Mwenyewe ninaye nyumbani ukutani. Ana hereni."

Waliosimama wakacheka. Mwingine akasema siku hizi wazee nao wana tamaa. Nikashusha kanda zote.

Nilimkuta mama anachambua mchele. Nilimweleza yote, hata la tamaa. Akatoa kokoto moja, akalitupa.

"Kumbe naiga vizuri," akasema, na akacheka kweli. Mimi sikucheka. Nilirudi mjini nikamwita Mpiga Picha aje akae.

"Nikae ya nini? Picha si unayo?"

"Nataka kuuona mfupa wa uso, mzee. Kijana na mzee mfupa ni mmoja."

Huo ni uongo wa kazi, na aliupenda, maana ulifanana na wa kwake. Akakaa dirishani. Nikachukua kitana chake cha mfupa kutoka mfukoni mwake, nikamchana, nikamshika kidevu kwa vidole viwili. Alikaa kimya kama walivyokaa wote mbele yake. Nikamchora. Mikunjo ya macho, ngozi iliyolegea shingoni, sikio moja lililo chini ya jingine. Mkono wa kushoto nilimwambia auweke mapajani ili apumzike, na alama ya pasi ikakaa katikati ya kava. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile tangu jina la mama. Nikapeleka Mwanza.

Boksi liliporudi nilimtumia salamu. Alikuja na koti lake, amechana nywele. Alitoa kava moja, akaisogeza dirishani, akaishika mbali, kisha karibu.

"Huyu mzee nani?"

"Ndiye anayeimba."

Stendi walikuwa wanaita abiria wa Lamadi.

"Umeweka hata pasi."

"Ipo kwenye koti, mzee."

"Mayu." Sauti ilikuwa ndogo. "Nani atasimama kwa uso huu?"

Nikamwekea mkono begani, kwa upole uleule. "Usijali, mzee. Kanda zitauzika."

Aligeuza shingo akanitazama, na nikajua kumbukumbu imemfikisha Nkoma, pembeni ya uwanja, na taulo lake. Alirudi kwenye kava, na kwa kuwa hakuweza kujizuia, akafanya kama anavyofanya mtu wa kazi: akapitisha kidole kwenye kingo, akatazama rangi ilivyoshika, akapima macho kwa macho.

"Kazi nzuri," akasema. "Kazi nzuri kabisa."

Kisha akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akatafuta juu ya kichwa chake, ambako nilikuwa nimeacha ukanda mweupe, mpana, ulionyooka, uliopimwa kwa rula mwanzo hadi mwisho.

"Jina langu liko wapi?"

"Nafasi haikutosha, mzee."